Maswali Yenu: Dondoo za Soka Zisichakae

Safari hii tunawajibu wasomaji wanaotunza kurasa za soka kwenye tovuti za pamoja, zile ambazo yeyote anaweza kubonyeza Hariri na kubadilisha kilichoandikwa: Wikipedia, wiki za mashabiki, hazina za maswali ya chemsha bongo. Kilio cha barua nyingi ni kimoja. Dondoo ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa, hakuna aliyeigusa, na leo ni uongo.

SWALI: Ndugu wahariri, kila nikiandika kwamba fulani ndiye anayeongoza kwa mabao, baada ya muda mtu anakuja kusema taarifa imepitwa na wakati. Niandikeje ili sentensi idumu?

JIBU: Ndugu msomaji, kitazame kitenzi chako. "Ndiye anayeongoza" inadai kuwa kweli kila siku ambayo ukurasa utasomwa. "Alifunga mabao 16" inataja jambo lililokwisha, na hakuna mechi ijayo itakayolibadili. Jenga dondoo juu ya lililokwisha, kisha lile linaloweza kubadilika lifungie tarehe.

Mfano ni Miroslav Klose. Sentensi dhaifu husema: "Klose ndiye mfungaji bora wa Kombe la Dunia kwa sasa." Sentensi imara husema: "Klose alifunga mabao 16 katika fainali nne za Kombe la Dunia, kuanzia 2002 hadi 2014. Bao la 16 alilifunga tarehe 8 Julai 2014 dhidi ya Brazil, akampita Ronaldo wa Brazil aliyekuwa na 15. Fainali za 2022 zilipomalizika, rekodi hiyo ilikuwa bado haijafikiwa. Lionel Messi alikuwa na mabao 13 na Kylian Mbappé 12." Siku rekodi itakapovunjwa, hakuna neno hata moja hapo litakalokuwa uongo. Atakayekuja kusasisha ataongeza sentensi moja, hatalazimika kubomoa aya nzima.

Maneno yanayoozesha ukurasa tunayajua kwa majina: kwa sasa, hivi karibuni, msimu huu, mwaka jana, hadi leo, chipukizi, kocha mpya. Yatafute kwenye kurasa zako kwa kisanduku cha kutafutia, ukiyawekea alama za kunukuu, na kila moja ulibadilishe kuwa tarehe au msimu. Kazi hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya makosa kwenye ukurasa wa mchezaji.

Inasaidia pia kujua dondoo yako ni ya aina gani. Zipo zilizokwisha: Just Fontaine alifunga mabao 13 katika fainali za 1958, na hiyo haihitaji kurudiwa kamwe. Zipo zilizolala: kwamba hakuna aliyefunga mengi zaidi katika fainali za awamu moja. Hii hukaa miaka minne bila kuguswa, kisha huwa hatarini kwa wiki chache. Na zipo zinazotembea, kama jumla ya mabao ya mchezaji ambaye bado anacheza. Kosa kubwa ni kuzichanganya aina zote tatu ndani ya sentensi moja, kwa sababu sehemu moja ikiharibika msomaji huacha kuamini sentensi nzima. Na zile zilizolala ziamshe mapema. Kuanzia 2026 Kombe la Dunia lina timu 48 na mechi 104 badala ya 64, na timu inayofika fainali hucheza mechi 8 badala ya 7. Rekodi za jumla zinazopimwa kwa mabao au mechi zina nafasi kubwa zaidi ya kuvunjwa kuliko zamani.

SWALI: Ukurasa mmoja unasema Pelé aliifungia Brazil mabao 77, mwingine unasema 95. Nifute upi?

JIBU: Usifute wowote. FIFA humhesabia 77 katika mechi 92 dhidi ya timu za taifa. Shirikisho la Brazil humhesabia 95, kwa kuwa linajumlisha mechi ambazo timu ya taifa ilicheza na klabu na vikosi vya mchanganyiko. Namba zote mbili ni sahihi. Linalokosekana ni msingi wa kuhesabu. Dondoo inayotaja namba bila kusema imehesabiwa nini ni nusu dondoo, na nusu hiyo ndiyo inayozaa ugomvi kwenye ukurasa wa majadiliano.

Mtego huu uko kila mahali. Alan Shearer ana mabao 260 ya Premier League, mashindano yaliyoanza msimu wa 1992/93. Ukisema mabao ya ligi ya daraja la juu la Uingereza, ana 283, maana 23 aliyafunga akiwa Southampton kabla ligi haijabadilishwa jina na muundo. Na kwa kipimo hicho cha pili hata si wa kwanza. Jimmy Greaves alifunga 357 katika daraja la juu. Kwa hiyo "mfungaji bora wa ligi ya Uingereza" ni maneno yasiyo na jibu moja. Andika jina kamili la mashindano na msimu yalipoanza.

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kisanduku cha habari cha mchezaji, yaani kile cha muhtasari kilicho pembeni juu ya ukurasa, huhesabu mechi na mabao ya ligi ya ndani tu. Vikombe vya ndani na mashindano ya bara huwekwa kwenye jedwali la takwimu lililo chini. Mtu akiona tangazo la klabu kwamba mchezaji amefikisha mechi 300, kisha kisanduku kinasema 212, hukimbilia kusahihisha, na hapo ndipo uharibifu huanza. Kabla ya kugusa namba, soma maelezo madogo yaliyo chini ya kisanduku.

Penalti za kuamua mshindi nazo zina kanuni yake. Fainali ya 2022 kati ya Argentina na Ufaransa inahesabika kuwa sare ya 3–3. Argentina walishinda kwa mikwaju ya penalti 4–2. Mbappé alifunga mabao matatu ndani ya dakika 120, akamaliza mashindano na mabao 8. Mkwaju alioufunga baada ya hapo haumo kwenye mabao 8 wala kwenye jumla yake ya maisha. Ukikuta mtu ana mabao 9 ya fainali zile, unajua kosa limetoka wapi.

Jambo jingine dogo: mchezaji aliyekaa benchi dakika zote hana mechi. Orodha za vikosi huwadanganya wengi.

SWALI: Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 lilichezwa 2024. Dondoo yangu iseme mwaka gani?

JIBU: Iseme yote mawili, kila mmoja mahali pake. Jina la mashindano hubaki na mwaka wake rasmi, na tarehe ya tukio hufuata kalenda. Ivory Coast ni mabingwa wa Kombe la Mataifa ya Afrika 2023, na fainali ilichezwa tarehe 11 Februari 2024. Vivyo hivyo mashindano ya 2021 yalichezwa Januari na Februari 2022, na Euro 2020 ikachezwa Juni na Julai 2021. Mashindano ya Afrika ya 2025 yalianza tarehe 21 Desemba 2025 yakaingia 2026, kwa hiyo mabao ya awamu moja yanaangukia kwenye miaka miwili ya kalenda. Anayetengeneza orodha ya "mabao ya mwaka 2025" na anayetengeneza orodha ya "mabao ya mashindano ya 2025" watapata namba tofauti, na wote wako sawa.

Ballon d'Or nayo imebadilika. Kwa muda mrefu ilipima mwaka wa kalenda; tangu 2022 hupima msimu. Mwaka 2020 haikutolewa kabisa. Ukikuta jedwali lenye mshindi wa 2020, kuna mtu amejaza pengo kwa kubahatisha.

SWALI: Naomba utaratibu wa kusasisha ukurasa wa mchezaji baada ya mechi. Mara nyingi nakuta namba imezidi kwa moja.

JIBU: Inazidi kwa moja kwa sababu watu wawili wamejumlisha. Mechi inaisha, wa kwanza anaona mechi 41 anaandika 42. Dakika tano baadaye wa pili, ambaye hakuangalia historia, anaona 42 anaandika 43. Hakuna aliyekusudia kuharibu. Dawa ni kutojumlisha kabisa: usiongeze moja juu ya kilichopo, bali nakili jumla kutoka kwenye chanzo. Chanzo kikisema 42, andika 42, hata kama ukurasa tayari unasema 42.

Utaratibu wenyewe ni huu. Subiri filimbi ya mwisho, kisha subiri ripoti rasmi ya mechi. Bao lililotangazwa kuwa la mshambuliaji linaweza kugeuzwa kuwa la kujifunga saa chache au siku chache baadaye, na anayehariri mechi ikiendelea hubaki na bao ambalo halipo tena. Fungua historia ya ukurasa, uone nani amehariri mwisho na saa ngapi. Saa hizo mara nyingi ni za UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, hivyo ziweke sawa na za kwako. Tazama tarehe ya usasishaji iliyo ndani ya kisanduku. Ikiwa ni ya leo, kuna mtu amekutangulia, nawe kazi yako ni kuhakiki tu. Ikiwa ni ya zamani, badilisha mechi, mabao na tarehe kwa mkupuo mmoja, uhifadhi mara moja. Namba ikibadilika na tarehe ikabaki ile ya zamani, mtu mwingine atadhani mechi ya leo haijaingizwa, naye ataiongeza tena.

Kwenye muhtasari wa hariri andika kitu kinachosomeka: "Mechi 42, mabao 17, baada ya mechi ya 14 Machi, kwa mujibu wa ripoti ya ligi." Neno "sasisho" peke yake halimsaidii anayekagua.

Kisha nenda kwenye maeneo mengine ambako namba hiyohiyo inaishi, na hapa ndipo wengi huchoka. Jumla moja ya mabao inaweza kuwa kwenye kisanduku, kwenye jedwali la takwimu, kwenye aya ya utangulizi, kwenye sehemu ya rekodi, kwenye ukurasa wa klabu, kwenye ukurasa wa timu ya taifa na kwenye orodha ya wafungaji wa mashindano. Maeneo saba. Ukisasisha mawili, umetengeneza ukurasa unaojipinga wenyewe. Ushauri wetu ni mkali kidogo: punguza maeneo. Aya ya utangulizi isitaje jumla inayotembea, itaje hatua iliyofikiwa. "Alifikisha mabao 100 ya ligi tarehe fulani" haihitaji kuguswa tena.

Mara moja kwa mwezi, hesabu upya kuanzia juu. Jumlisha misimu yote kwenye jedwali kwa mkono au kwa lahajedwali, ulinganishe na mstari wa jumla. Makosa ya jumla hujificha humo kwa miaka, maana kila mtu husahihisha msimu wa mwisho tu.

SWALI: Kuna njia ya kuandika namba mahali pamoja ikaonekana kwingine kote?

JIBU: Ipo, lakini inategemea ukurasa wako umejengwaje. Wikidata huhifadhi taarifa za mchezaji mara moja, na wiki za lugha nyingi zinaweza kuzisoma kutoka huko. Klabu huwekwa kwenye sifa yenye namba P54. Chini yake unaweka tarehe ya kuanza kwa P580, ya kumaliza kwa P582, idadi ya mechi kwa P1350, na mabao kwa P1351. Kosa la kawaida ni kubadilisha klabu ya zamani kuwa mpya. Usifanye hivyo. Ya zamani ifungwe kwa tarehe ya mwisho, na mpya iongezwe kama mstari wake, la sivyo historia nzima ya mchezaji inapotea kwa mbofyo mmoja.

Kabla ya kuvuta namba kutoka huko, hakikisha kuna mtu anayezisasisha. Namba iliyolala Wikidata miaka mitatu itaonyesha makosa yale yale kwenye lugha zote kwa pamoja.

SWALI: Umri kwenye rekodi za "mdogo kuliko wote" na "mkubwa kuliko wote" unahesabiwaje? Nami nipo kwenye ubishi wa siku moja.

JIBU: Siku ya kuzaliwa ni sifuri, haihesabiwi kuwa siku ya kwanza. Ubishi wa siku moja karibu kila mara unatokana na hapo.

Fuata mfano wa Norman Whiteside wa Ireland ya Kaskazini, mchezaji mdogo kuliko wote kucheza fainali za Kombe la Dunia zilizochezwa hadi 2022. Alizaliwa tarehe 7 Mei 1965, akacheza tarehe 17 Juni 1982. Miaka 17 ilitimia tarehe 7 Mei 1982. Kutoka hapo hadi 7 Juni ni siku 31, na hadi 17 Juni ni siku 10 nyingine. Jumla, miaka 17 na siku 41. Njia hiyo hiyo itakupa miaka 42 na siku 39 kwa Roger Milla alipoifungia Cameroon dhidi ya Urusi tarehe 28 Juni 1994, na miaka 45 na siku 161 kwa kipa Essam El-Hadary wa Misri tarehe 25 Juni 2018. Jihadhari na Februari ya mwaka mrefu ikiwa imo katikati, na usigeuze siku kuwa miezi, kwa sababu miezi hailingani.

Kigezo cha kukokotoa umri, yaani msimbo wa wiki unaojihesabia umri wenyewe, kitumie kwa umri wa leo tu. Watu huweka kigezo hicho ndani ya dondoo ya rekodi, matokeo yake Milla anazidi kuzeeka kila siku hali bao lake limesimama pale pale 1994.

SWALI: Vyanzo viwili vinapingana. Niamini kipi?

JIBU: Anza na kilicho karibu zaidi na tukio na chenye dhamana ya kumbukumbu: ripoti ya mwamuzi au ya waandaaji wa mashindano, kisha tovuti ya shirikisho au ligi, kisha klabu, kisha vyombo vya habari vyenye wahariri, kisha hifadhidata za takwimu. Tovuti ambazo mashabiki wenyewe huingiza takwimu ziweke mwisho, kama dokezo la wapi pa kutafuta. Kwa historia ya zamani, RSSSF, tovuti ya kumbukumbu za takwimu za soka iliyoanzishwa 1994, ni hazina kubwa, na kurasa zake mara nyingi hueleza pale kumbukumbu zinapotofautiana.

Mechi ya Australia na Samoa ya Marekani ya tarehe 11 Aprili 2001 inaonyesha faida ya mpangilio huu. Ubao wa matokeo uwanjani ulionyesha 32–0. Matokeo rasmi ni 31–0, na Archie Thompson ana mabao 13. Aliyeutegemea ubao alikosea, ingawa alikuwa uwanjani.

Lakini kuna wakati hakuna wa kumpa ushindi. Mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia 1950 kwenye uwanja wa Maracanã ina watazamaji 173,850 kwa hesabu rasmi ya waliolipa, na 199,854 katika makadirio yanayotajwa sana ya wote waliokuwamo. Hapo andika zote mbili, kila moja na maelezo yake. Usichukue wastani. Wastani wa namba mbili ni namba ya tatu ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kisha kuna chanzo kinachojizunguka, na hili tunaomba mlichukulie kwa uzito. Mwaka 2008 mtu aliingiza kwenye ukurasa wa Wikipedia wa Omonia Nicosia uzushi kwamba mashabiki wake huvaa kofia zilizotengenezwa kwa viatu vilivyotupwa. Gazeti moja la Uingereza likauchapisha kabla ya mechi ya Omonia na Manchester City. Tangu hapo uzushi ukawa na gazeti la kuutetea. Mwaka uliofuata chipukizi wa Moldova aitwaye Masal Bugduv, ambaye hajawahi kuwapo, aliingizwa kwenye orodha ya vipaji 50 ya gazeti kubwa. Kwa hiyo ukipata chanzo cha dondoo ya ajabu, linganisha tarehe. Fungua historia ya ukurasa, utafute siku dondoo ilipoingia mara ya kwanza. Ikiwa iliingia kabla ya makala unayotaka kuitaja, na hakuna chanzo cha zamani zaidi, makala hiyo huenda imeichukua kutoka kwenu. Iondoe hadi upate ushahidi mwingine.

SWALI: Mchezaji ametangazwa kila mahali kwamba amehama. Nibadilishe klabu?

JIBU: Subiri klabu itangaze. "Makubaliano yamefikiwa" na "amefanyiwa vipimo" si usajili. Hata tangazo likitoka, soma linaanza lini. Mkataba ukianza tarehe 1 Julai, mchezaji ni wa klabu ya zamani hadi 30 Juni, na mechi atakazocheza kabla ya hapo ni za huko. Aliyekwenda kwa mkopo bado ni mali ya klabu yake, kwa hiyo weka mstari wa mkopo bila kufunga mstari wa klabu mama.

SWALI: Mimi ni mtunzi wa maswali ya chemsha bongo. Ninawezaje kujua maswali gani yamechakaa, bila kuyasoma yote elfu mbili?

JIBU: Yape alama tangu unapoyaandika. Kila swali liwe na safu tatu za ziada kwenye jedwali: tarehe ya kuhakikiwa, tarehe ya kuhakikiwa tena, na sababu inayoweza kulibadilisha. Swali la mshindi wa 1966 halina tarehe ya kurudiwa. Swali la "klabu yenye mataji mengi" hurudiwa kila msimu ukiisha. Ukipanga jedwali kwa safu ya pili, maswali ya kuangaliwa mwezi huu yanakuja juu yenyewe.

Maswali ya sheria yana siku yake, nayo ni tarehe 1 Julai, ambayo mabadiliko ya bodi ya sheria za soka, IFAB, huanza kutumika kila mwaka. Maswali mengi yaliyochakaa tunayoyaona ni ya hapo. Mpira wa goli hauhitaji tena kutoka nje ya eneo la penalti tangu msimu wa 2019/20. Kipa aliyeshika mpira zaidi ya sekunde 6 aliadhibiwa kwa mkwaju usio wa moja kwa moja. Tangu 2025/26 kikomo ni sekunde 8 na adhabu ni kona. UEFA iliondoa kanuni ya bao la ugenini kuanzia 2021/22. Swali lisilotaja msimu litakuwa na majibu mawili, na mshiriki aliyejibu la zamani atakuwa na haki ya kulalamika. Andika: "Kwa sheria za msimu wa 2025/26, kipa anaruhusiwa kushika mpira sekunde ngapi?"

Idadi ya timu za fainali nayo iulizwe kwa mwaka: 13 mwaka 1930, 24 tangu 1982, 32 tangu 1998, 48 tangu 2026. "Timu ngapi hucheza Kombe la Dunia?" ni swali la kufuta.

Na unapofuta, usilifute kimyakimya. Liandike upya, uache maelezo ya kilichobadilika, maana kuna mtu amelinakili kwingine na atarudi kulirudisha.

SWALI: Je, mataji ya zamani yanaweza kubadilika?

JIBU: Yanaweza, ndiyo maana hata dondoo zilizokwisha zinahitaji jicho mara mojamoja. Juventus walivuliwa ubingwa wa Italia wa 2004/05, ambao haukupewa mtu, na ule wa 2005/06 ukapewa Inter. Marseille walivuliwa ubingwa wa Ufaransa wa 1992/93, ukabaki bila mwenyewe, lakini taji lao la Ligi ya Mabingwa la 1993 halikuguswa. Anayeandika kwamba "walinyang'anywa mataji ya mwaka ule" amefuta taji ambalo UEFA bado inalitambua. Kwenye jedwali acha mstari wa msimu, uandike kwamba taji lilifutwa, na tanbihi. Mstari ukiondolewa wote, mtu atadhani umesahauliwa na ataujaza.

Majina ya nchi yashughulikie kwa namna hiyo hiyo. Zaire ndiyo iliyotwaa Kombe la Afrika 1974, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9. Kwenye orodha ya jumla taji hilo ni la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini kwenye maelezo ya mechi jina la wakati ule libaki. Mataji ya Ujerumani Magharibi ya 1954, 1974 na 1990 yamo ndani ya manne ya Ujerumani.

SWALI: Mtu ananirudishia kila ninachoandika. Nimeshatengua mara tatu leo.

JIBU: Simama hapo. Kwenye Wikipedia kutengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja kunaweza kukufungia, hata kama namba yako ni sahihi. Nenda ukurasa wa majadiliano, weka namba zote mbili, chanzo cha kila moja na msingi wake wa kuhesabu, kisha subiri. Mara nyingi mtagundua mmoja anahesabu ligi na mwingine anahesabu mashindano yote.

SWALI: Viungo vya vyanzo vyangu vinakufa. Ripoti za mechi za misimu ya nyuma hazifunguki tena.

JIBU: Ligi na klabu hubadilisha tovuti zao mara kwa mara, na kurasa za zamani hazihamishwi zote. Siku ile ile unapotaja ripoti, ihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive: bandika anwani kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, usubiri nakala itengenezwe, uifungue uone kwamba majina ya wafungaji yanaonekana, kisha weka anwani hiyo ya nakala kwenye tanbihi pamoja na ya asili. Usiruke hatua ya kuifungua, kwa sababu kurasa za takwimu zinazojipakia kwa programu za ndani huhifadhiwa zikiwa tupu. Ikitokea hivyo, tafuta ripoti ya maandishi ya mechi hiyo hiyo kwenye gazeti uihifadhi hiyo badala yake. Tanbihi yenyewe itaje timu zote mbili, mashindano, tarehe ya mechi, mchapishaji, na siku uliyoisoma. Viungo vyote viwili vikifa, aliye na tarehe ya mechi na majina ya timu bado anaweza kwenda kuitafuta kwenye magazeti ya siku iliyofuata.